Eda ya Kila Ijumaa

Mtaa wa Magomeni,
Bagamoyo.
Jumatano, 6 Agosti 2025

Mpendwa kaka yangu Mikdad,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo kaka. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Adila na watoto wote. Kifua chako kimepoa? Wifi aliniambia baridi ya Sumbawanga ilikulaza siku tatu mwezi uliopita. Vaa sweta uache ujuba, wewe ni mtu wa pwani. Na Kombo vipi, ameshamaliza kung'oa yale meno ya mbele? Mwambie shangazi yake anamwona kwenye picha anacheka kama babu.

Sisi huku kwa jumla hatujambo, Alhamdulillahi. Mume wangu Mwinshehe bado yuko jikoni kule chuo cha uvuvi Mbegani, anatoka alfajiri anarudi jioni. Mimi mgongo unanisumbua kwa kukaa kwenye cherehani, lakini kazi ya sare za shule ipo na siwezi kuikataa.

Najua utashangaa kupokea barua ya karatasi wakati simu ipo. Nimefanya makusudi. Kwenye simu unanikata maneno, na nikikutumia ujumbe wa sauti unanijibu kabla hujaufikisha mwisho, nakujua. Anakuletea Mwanamvua, binti wa jirani yetu Bimdogo, anayekuja huko kwa mumewe. Nimemwambia akukabidhi mkononi na asiondoke mpaka aone umeifungua. Kwa hiyo kaa chini usome. Ukikasirika kasirika, lakini usiiweke kando.

Kwanza nikupe hali ya mama, maana tangu uliporudi huko baada ya hitima ya baba hujamwona kwa macho, na sasa ni miaka miwili na miezi. Ugonjwa huu wa kusahau haukai mahali pamoja. Mwaka jana alikuwa akisahau majina. Mwaka huu anaswali adhuhuri, anakunja msala, na baada ya dakika kumi anaomba maji ya kutawadha aswali adhuhuri. Kuna siku nimeiswali naye mara tatu kwa sababu nikimwacha peke yake anachanganyikiwa katikati na kulia. Mwinshehe, mkwewe kwa miaka ishirini na mbili, hamjui tena. Akimwona anaingia anavuta kanga anajifunika uso na kuniuliza kwa nini naruhusu wanaume wapite ndani.

Haya yote nimeyazoea, au niseme najilazimisha kuyazoea. Lisilozoeleka ni swali lake moja: "Baba yenu hajarudi?" Analiuliza asubuhi, analiuliza mchana, analiuliza mimi nikiwa chooni. Mwanzoni nilikuwa namwambia ukweli. Nikaona kila nikimwambia anaipata habari hiyo upya, kana kwamba ndiyo kwanza jeneza linatolewa mlangoni. Mara ya tatu nikasema basi. Sasa namwambia, "Yuko Makurunge, mama, kaenda kuangalia mihogo." Naye hujibu, "Na jua lote hili! Haya, mwachieni chakula." Yanakwisha. Baba alishinda Makurunge nusu ya maisha yake, kwa hiyo hilo halimshangazi.

Wewe ulipolisikia hilo ukaniambia uongo ni uongo na nitaulizwa siku ya kiyama. Kaka, mimi naulizwa sasa hivi, kila siku, tena na aliyenizaa. Nilinyamaza siku ile kwa heshima yako, kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu na mwalimu wa dini unayesikilizwa. Leo sinyamazi.

Tuje kwenye Ijumaa. Kila Ijumaa ukitoka msikitini unampigia mama, na hilo ni jambo jema, majirani wote wanakusifu. Mama anaitikia, anafurahi, anauliza habari za watoto, halafu anakuuliza kama baba yenu yuko huko kwako maana huku hajaonekana. Nawe unamwambia kwa sauti yako nzuri ya darasani, "Mama, baba alikwishafariki. Sema innalillahi. Subiri, Mwenyezi Mungu yuko pamoja na wenye kusubiri." Unamwombea dua, unaaga, unakata simu. Umemaliza.

Huku ndiyo kwanza tunaanza. Mama anapiga ukelele mmoja, simu inaanguka. Anavua bangili, anafuta wanja kwa ncha ya kanga, anataka nguo nyeupe. Nisipompa anafungua kabati mwenyewe na kutoa shuka la kitandani. Anaingia chumba cha ndani, anakaa kwenye godoro chini, amegeukia ukutani, amekaa eda. Hataki dirisha lifunguliwe, hataki kuonwa na mwanamume, hataki mafuta mwilini, hataki kutoka hata uani kuota jua. Mjane hukaa miezi minne na siku kumi, na mama yetu, aliyesahau nyumba hii ina vyumba vingapi, hesabu hiyo hajaisahau.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ikifika Jumapili ameshasahau kilichomweka pale. Eda anaikumbuka, maiti kaisahau. Ananiita kwa sauti ya chini, "Hafidha, hii eda ya nani?" Kabla sijajibu anasema, "Basi, atakuwa mtu wetu," na anaendelea kukaa. Jumatano au Alhamisi anachoka, anavaa kanga zake za rangi, anatoka barazani kuulizia chai. Kesho yake Ijumaa unapiga simu.

Kakangu, mama ameingia eda mara kumi na moja tangu mwezi wa tano. Sisi wengine tunaishi na mjane mpya kila wiki.

Usidhani hatukujaribu dawa. Bimdogo, ambaye ndiye aliyemtoa eda ile ya kweli mwaka juzi, alitushauri tumtoe tena. Tukawaita wanawake wanne, tukachemsha maji, tukamwogesha, tukamvika doti mpya, tukamfukiza udi, tukamwambia siku zimetimia. Alitoka anatabasamu, akala wali wa nazi sahani nzima. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu, Bimdogo ameshaanza kummwagia maji, mama akamshika mkono akasema, "Wee Bimdogo, mimi nimeingia juzi. Unataka unibebeshe dhambi zangu na zako?" Wanawake wakaangaliana, ndoo ikabaki katikati ya ua, na mimi sikujua nicheke au nilie.

Tukamwita Sheikh Abdulwahab wa msikiti wetu aseme naye nyuma ya pazia. Akamwambia vizuri kabisa kwamba eda yake ilikwisha zamani, na kwamba mtu ambaye akili yake imeondoka kalamu imeinuliwa kwake, haandikiwi. Akaongeza kuwa hata mwenye eda ya kweli anaruhusiwa kutoka kwenda kwa daktari. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu, "Sheikh, ukifa wewe mkeo utamtaka atoke siku ya pili?" Sheikh wa watu akaomba viatu vyake. Ukitaka kumwuliza kama nasema kweli, namba yake unayo.

Na fedheha ya mwezi uliopita sikukuambia. Kuna mpangaji mpya nyumba ya pili, Mwalimu Martini, mtu wa bara, mpole sana. Jumamosi moja nilikwenda sokoni kununua nyuzi. Huku nyuma mama akamwita Mwalimu kupitia upenyo wa dirisha, uso kaufunika, akamwambia amefiwa na mume na hana mtu wa kumsaidia. Yule baba wa watu hakuuliza mara mbili. Narudi sokoni nakuta turubai limefungwa mbele ya nyumba, viti vimepangwa, wanaume wameshaanza kukaa, na mama mmoja nisiyemjua anapepeta mchele kwenye ungo wangu. Ilibidi nisimame mbele ya watu wote niwaambie asanteni sana, marehemu alikufa mwaka juzi. Mwalimu Martini mpaka leo akinikuta njiani anaangalia chini. Kila siku mimi ndiye ninayeomba radhi mtaani, na kosa si langu.

Haya, labda ungeniambia nivumilie, ni ibada. Ningevumilia kama isingekuwa mguu.

Mama alijikwaa kwenye kizingiti mwezi wa nne, ukucha wa kidole gumba ukang'oka. Ulijua. Wewe ukasema ni ukucha tu, na mimi nikasema ni ukucha tu. Lakini mtu mwenye sukari hana kidonda kidogo. Anatakiwa kusafishwa hospitali kila Jumanne, na Jumanne, kaka, huwa yuko eda. Hesabu mwenyewe kwenye vidole vyako. Unamfisha baba Ijumaa, mama haendi hospitali Jumanne. Katika wiki kumi na tatu amekwenda mara mbili, na mara hizo mbili ni zile ambazo mtandao wako ulikuwa mbaya usimpate. Nilishukuru Mungu kwa mtandao mbaya, astaghfirullah.

Nesi Verdiana anayesafisha vidonda alikuja nyumbani mwenyewe kwa huruma zake baada ya zamu yake. Akafungua kitambaa, akaniita uani. Akasema, "Mama Ashatu, hiki si changu tena. Weusi umeshapita kidole." Hospitali wakatuandikia barua ya kwenda Dar kwa daktari wa upasuaji, Jumanne tarehe 19 mwezi huu. Wanasema akifika siku hiyo, huenda kitaondoka kidole peke yake. Akichelewa, itakuwa mguu, na hawakuniambia watakatia wapi.

Nimemwomba mama, nimembembeleza, nimegomba. Anasema hatoki na eda kwenda kufunuliwa mguu na daktari mwanamume, labda mwanawe mkubwa aje amsimamie. Mwinshehe alijitolea kumbeba, mama akapiga kelele kwamba kuna mwizi. Siwezi kumfunga kamba mama yangu kumtia kwenye gari.

Sasa nifike kwenye langu, maana nisipolisema utadhani najifanya malaika na wewe ndiye mwovu.

Jana, Jumanne, alikuwa mzuri. Ijumaa iliyopita simu yako ilikuwa fupi na hakupata nafasi ya kuuliza, kwa hiyo hakuwa eda. Nilikuwa nimemwogesha, nimemvika, bajaji nimeshaiita, tunaingoja kwenda kusafisha kidonda. Nami nina sketi sita za shule hazijatiwa zipu na mwenyewe anazitaka jioni, nikasema nishone moja wakati tunangoja. Mama akaanza. Baba yenu hajarudi? Yuko Makurunge. Baba yenu hajarudi? Yuko Makurunge, mama. Makurunge gani, mbona hajaaga? Ameaga, wewe ulikuwa umelala. Baba yenu hajarudi? Sindano ikanichoma kidole, damu ikadondoka kwenye kitambaa cheupe cha mtu. Nikageuka nikampigia kelele. Nikamwambia, "Amekufa! Amekufa mama, tumemzika, na wewe ulikuwepo! Hatarudi, usiniulize tena!"

Nilisema mimi, Hafidha, niliyekukataza wewe. Tena sikusema kwa upole wala kwa dua. Nilisema nimuumize anyamaze.

Nikangoja ule ukelele. Haukuja. Aliinuka na mguu wake ule, akaja mpaka kwenye cherehani akanishika kichwa. "Masikini mwanangu," akasema. "Kwa hiyo umefiwa na baba yako." Akanifuta uso kwa kanga yake, akaniuliza nimekula, akaniuliza nani yuko na mimi, akasema nisikae peke yangu siku kama hii. Mikdad, siku ya mazishi mimi nilikuwa nahesabu sahani na kutafuta ndoo za maji. Nilikuwa namshika mama asianguke. Nyote mlinipa pole ya mlangoni mkapita kwenda kwake. Jana ndipo nilipopewa pole ya baba, na mimi nikalia mpaka nikakohoa. Mwenye bajaji akapiga honi nje, akapiga, akaondoka.

Baada ya hapo akaingia ndani akaomba nguo nyeupe. Basi na Jumanne ya jana nimeiua mimi. Nakuandikia naye yuko chumba cha ndani, na harufu ya kile kidonda inafika mpaka hapa mezani.

Kwa hiyo sikuandikii kukushtaki tu. Nakuomba mambo mawili. Ijumaa hii usipige simu, na Ijumaa inayofuata usipige. La pili, njoo. Panda basi ufike hapa kabla ya tarehe 17, ili tarehe 19 wewe umshike mkono umtoe mlangoni. Madrasa ina walimu wengine, watoto wa watu hawatasahau alifu kwa wiki moja. Usinitumie kitu, usiniambie unaniombea. Mwili wako ndio ninaoutaka hapa kizingitini.

Na ukifika atakuuliza baba yuko wapi. Sikulazimishi useme Makurunge. Kama dini yako inakukataza, mwambie ukweli, lakini umwambie ukiwa umekaa naye kwenye godoro, ukimwona uso, na ukae siku zile zote zinazofuata, ulale humo umshikie bakuli la uji. Ukiweza hivyo, Jumapili akikuuliza eda ya nani, mjibu wewe. Mimi nitakuwa uani.

Nimesema sana. Unisamehe palipozidi, na palipozidi ni pachache.

Msalimie sana wifi Adila, mwambie zile kanga alizoagiza nitampa Mwanamvua safari ijayo. Wasalimie Kombo na dada zake. Mwinshehe anakuamkia. Binti yangu Ashatu anasema shikamoo mjomba, na matokeo yake ni mazuri. Bimdogo naye anakusalimu na anasema ukija usije mikono mitupu, anataka maharage ya huko.

Salamu za mama zipo, na nilitaka kuziacha, lakini nimeona haki yako uzipate. Ijumaa ya kabla ya ile ya simu fupi, simu ilipokatika na kilio kikapoa, aliniita nikae karibu. Akaniuliza, "Hafidha, huyu mwanamume anayenipigia kila Ijumaa kuniletea misiba ni nani?" Akaniambia nisiogope, nimwache tu. "Mikdad akija," akasema, "nitamwambia amkomeshe."

Mwenyezi Mungu akufikishe salama, na atukutanishe mama angali na miguu yake miwili. Amin.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukasirikia na ninayekupenda,

Hafidha binti Mbaruku